Mkasi wa Chumba Namba Tatu

Duka la Fotokopi, Chapa na Laminesheni,
Mkabala na geti la kituo cha afya
(mlango wa kijani, si ule wa fundi viatu).
Jumanne.

Kwa Daktari Mkuu wa Kituo,
Kupitia dirisha la mapokezi.

Ndugu Daktari Mkuu,

KUHUSU: MUUGUZI WAKO ANAYEHARIBU KAZI YA MIKONO YANGU, NA MADAI YAKE JUU YA BINTI YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta umekaa. Mimi ni mzima isipokuwa kisogo, ambacho nitakieleza katika lalamiko namba tano.

Unanifahamu, japokuwa huenda hujui kwamba unanifahamu. Mimi ndiye mwenye lile duka linalotazamana na geti lako. Mashine yenu ya fotokopi iliharibika miaka sita iliyopita, na tangu hapo mashine yenu ni mimi. Kila fomu mnayogawa humo ndani imepita kwanza mikononi mwangu. Hilo silalamikii. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kuokotwa barabarani, ni mdau wa afya.

Kazi ninayojivunia zaidi ni laminesheni. Kwa asiyejua, unachukua karatasi, unailaza kati ya plastiki mbili, unaipitisha kwenye mashine ya moto, nayo inatoka ngumu, inang'aa, haiingii maji wala haiogopi mchwa. Sisi hapa tunaita kuziba. Ubao wangu wa nje unasema: KINGA NI BORA KULIKO TIBA. LINDA KADI YA MTOTO WAKO. UKIZIBA, UMEMALIZA. Kwa miaka kumi na tano, mtoto wa mtaa huu akishapata chanjo yake ya mwisho ya utotoni, mama yake hutoka getini kwako, huvuka barabara, huja kwangu kuziba kadi. Huo ndio utaratibu wetu. Mtoto aliyezibiwa kadi kwetu amehitimu, na wapo wanaopiga na picha.

Sasa mmetuletea muuguzi mpya wa chumba namba tatu, ambaye mtaa mzima unamwita Sista Mkasi. Anasema watoto wa kuanzia miaka kumi na moja wanatakiwa kurudi kuchanjwa. Kurudi, Daktari, kama vile walisahau mwavuli. Ijumaa hii anakwenda shuleni kwa binti yangu kuchanja darasa zima, isipokuwa wale ambao wazazi wao hawajasaini fomu ya ridhaa na kutoa kadi. Binti yangu ana miaka kumi na mbili, na ndiye peke yake darasani ambaye fomu yake haina saini. Kalamu ninayo mimi. Kadi iko kwenye droo ya duka, na ufunguo wa droo nimeuvaa shingoni.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili asitokee mtu wa kusema hakuyaona.

1. Mkasi. Mama akileta kadi iliyozibwa, Sista anasema hawezi kuandika tarehe mpya juu ya plastiki. Anafungua droo, anatoa mkasi wa kukatia bandeji, anaikata plastiki yangu pande tatu kama anayechuna samaki. Msusi wa pale kona alinirudishia kadi ya mwanawe ikiwa imekatwa hivyo, akataka niizibe tena bure. Nilipoishika nilijisikia vibaya, maana ile kadi naikumbuka, nilimzibia kwa plastiki nene ya kiwango cha vyeti vya ndoa. Si hivyo tu. Mbele ya foleni nzima Sista alisema kadi ya afya si picha ya marehemu hata izibwe. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ambazo hazihusiani na barua hii.

2. Umri. Chanjo ni ya watoto wachanga, na hilo hata kadi yenyewe inalijua, kwa kuwa ina picha ya mama aliyebeba mtoto mgongoni. Binti yangu anavaa viatu vya mama yake bila kuomba. Nimpeleke vipi kliniki? Nimfunge mgongoni? Nimwimbie njiani? Tukifika nimshike mkono huku yeye ananiambia baba usitetemeke? Kuna na kaka yake, miaka kumi na sita, mwenye ndevu saba ambazo amezihesabu mwenyewe, naye pia Sista anamtaka kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo. Nilipompa habari hiyo, kijana alisema yeye ni mwanamume na wanaume hawana haja ya sindano. Nilijivunia sana, mpaka mama yake alipomuuliza maneno hayo kayatoa wapi, huku anayetazamwa ni mimi.

3. Elimu inayotolewa shuleni bila idhini ya wazazi. Binti yangu amebeba jina la dada yangu mkubwa, hivyo nyumbani tunamwita Dada Mdogo, na heshima ya jina hilo anaijua na anaitumia. Wiki iliyopita alitoka shuleni, akaja dukani moja kwa moja, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniuliza huwa nawaambia nini watu wanaoniletea fotokopi za zamani. Mimi, kwa kuwa sikuuona mtego, nikajibu kwamba wino hufifia, kwa hiyo nawashauri waje kutoa nakala mpya kila baada ya miaka kadhaa. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, kwamba kinga ya pepopunda na dondakoo na kifaduro aliyopewa akiwa mchanga nayo hufifia, na Sista anachotaka ni kutoa nakala mpya.

Daktari, mtoto anapelekwa shule ajue kusoma na kuandika. Hapelekwi akajifunze kumfunga baba yake kwa maneno ya biashara ya baba yake mwenyewe, tena mbele ya mteja. Mteja alicheka hadi akashika meza. Alikuwa ameleta cheti kilichofifia.

4. Lalamiko hili nimelifuta. Mke wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake imepakana na duka langu kwa ukuta wa mbao, hivyo hakuna ninachoandika asichokisikia kwa jinsi ninavyohema. Alikuja, akasoma namba nne, akanirudishia karatasi. Alisema uongo mwingine unachekesha, lakini huu hauchekeshi. Sikutaka mabishano. Namba nimeiacha ili ujue lalamiko lilikuwepo na lilikuwa zito.

5. Sakafu. Jana nilikwenda chumba namba tatu mwenyewe, kwa miguu yangu, kumweleza Sista habari za mkasi uso kwa uso. Nilimkuta anamchanja msichana wa darasa la tano, mwembamba, mwenye sare iliyompwaya. Nikasema nitasubiri hadi amalize. Nilisimama vizuri. Niliona pamba, nikaona kichupa, nikaona Sista anainua sindano juu kwenye mwanga na kuigonga kwa ukucha, na hapo hapo sakafu yenu ikateleza.

Napenda ieleweke kwamba niliteleza. Sakafu ilikuwa kavu, nakubali, na viatu vyangu vina soli ya mpira, lakini kuna utelezi ambao hauonekani kwa macho. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa chali, kisogo kimevimba, miguu imewekwa juu ya boksi la glavu, na yule yule msichana mwembamba, akiwa ameshachanjwa na hana habari, ananipepea kwa kadi yake ya kliniki. Kadi hiyo niliiziba mimi. Naomba sakafu ifanyiwe kazi haraka, kwani kesho anaweza kuteleza mtu ambaye hana uvumilivu kama wangu.

6. Ugonjwa wa wakubwa. Hapa ndipo penyewe. Katika orodha ya Sista ipo chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inaletwa na kirusi. Kwanza huo ni ugonjwa wa watu wazima, na huyu ni mtoto ambaye bado analilia kulamba sufuria. Pili, kirusi chenyewe kinapatikana kwa njia ambayo mimi kama baba siwezi kuiandika katika barua inayopitia dirisha la mapokezi. Mtaa utasema nini? Watasema nimempa binti yangu ruhusa.

Nilimweleza Sista hayo baada ya kunyanyuliwa sakafuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza lini niliweka nondo kwenye dirisha la duka. Nikamwambia siku ile ile nilipofungua. Akauliza, kwa hiyo ulikuwa unawaalika wezi? Akasema kinga inatangulia, haiufuati ugonjwa nyuma, na ndiyo maana wanachanjwa wakiwa bado wanalamba sufuria. Nilitoka nje, lakini kutoka nje si kukubali.

Nilikwenda kwa fundi viatu, ambaye anajua mambo mengi kwa sababu anaisoma simu yake tangu asubuhi. Fundi viatu aliniambia chanjo hiyo inafunga uzazi. Nikamuuliza kasoma wapi. Akanionyesha simu, ambayo kioo chake kimepasuka katikati, kwa hiyo kila mstari husoma nusu na nusu hubuni. Hata hivyo nilitoka pale nikiwa na nguvu mpya. Baadaye msusi akanitonya kwamba binti za fundi viatu, wote wawili, fomu zao zilisainiwa tangu wiki iliyopita, na aliyesaini ni fundi viatu. Nilipomfuata alisema yeye alikuwa anapiga soga tu, hakujua kama mimi nachukulia kweli. Watu wa namna hii ndio wanaoturudisha nyuma, na nashangaa kituo hakiwachukulii hatua.

7. Fomu. Dada Mdogo hanisemeshi juu ya Ijumaa tena. Angenisemesha ningemjibu. Badala yake, kila asubuhi kabla ya kwenda shule anapita dukani, anainua kifuniko cha mashine ya fotokopi, analaza fomu kifudifudi juu ya kioo, anafunika, anakwenda zake. Mimi nikifungua kazi nabonyeza kitufe. Mteja aliyeleta hati ya kiwanja ameondoka na nakala tatu za fomu ya ridhaa ya chanjo. Mzee mmoja mstaafu wa posta alipewa nakala moja akidhani ni utaratibu mpya, akaisaini, akaivusha barabara. Leo Sista amenitumia ujumbe kwamba babu wa miaka sabini na mbili ameridhia kuchanjwa Ijumaa na darasa la saba, na kwamba ni mtu mzima mwenzangu niige mfano.

Mke wangu naye amekataa kusaini. Usifikiri yuko upande wangu. Anasema fomu hiyo nitasaini mimi, kwa mkono wangu, na yeye atakuwa anashona huku ananitazama.

Kutokana na hayo yote, naomba kituo chako kifanye yafuatayo. Mkasi wa chumba namba tatu uchukuliwe na ufungiwe. Chanjo zote za maisha zitolewe kwa mkupuo mmoja wiki ya kwanza mtoto anapozaliwa, zile za utoto, za ujana, za uzee, na ile ya mafua ambayo Sista anasema ni ya kila mwaka, zipigwe zote themanini, ili kadi ijae na mzazi aizibe kwa amani. Na kama hilo ni gumu, basi magonjwa yenyewe yaandikiwe barua. Pepopunda, dondakoo, kifaduro, homa ya uti wa mgongo na hicho kirusi, kila kimoja kipewe nakala, kijulishwe rasmi kwamba watoto wa mtaa huu walihitimu wakiwa wachanga, kadi zao zimezibwa kwa plastiki nene, hivyo visisumbuke kuja. Nakala nitazitoa mimi. Sidhani kama kuna ugonjwa wenye adabu utakaokaidi barua yenye muhuri.

Naambatanisha kadi ya binti yangu kama kielelezo, uione ilivyo nzima, haijaguswa na chuma cha mtu.

Nisalimie mlinzi wa getini na mguu wake unaomsumbua. Msalimie dada wa mapokezi, umwambie fomu zake za rufaa ziko tayari. Wasalimie wauguzi wote, na Sista Mkasi naye msalimie, ila kwa kiasi. Mke wangu anakusalimu kutoka upande wa pili wa ukuta, ingawa ameomba isieleweke kwamba anaunga mkono.

Wako katika kutetea karatasi ngumu na ngozi isiyotobolewa,

Mwenye Duka la Fotokopi,
Baba yake Dada Mdogo.

NYONGEZA. Utaona barua yangu imezibwa kwa plastiki na hii nyongeza iko kwenye karatasi tupu. Niliiziba barua nilipomaliza kuisaini, kwa mazoea, kisha ndipo nikafungua droo kuchukua kadi ya Dada Mdogo niiambatanishe. Kwa hiyo barua sasa siwezi kuifuta hata neno. Naomba uisome hii baada ya ile, na ile uisahau.

Chini ya kadi ya mtoto kulikuwa na kadi nyingine. Ni ya dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kuondoka. Si ya utotoni, ni kadi yake ya miadi ya hospitali kubwa, ile aliyokuwa anakwenda kabla hajafa, miaka minne iliyopita. Alikuja nayo dukani siku moja, akasema inalowa kwenye mkoba, nimzibie. Nikamzibia. Sikumtoza, ni dada yangu. Ina tarehe mbili zilizotiwa alama ya kuhudhuria, na chini yake mistari saba mitupu. Hakurudi tena hospitali, na mimi sikumuuliza, kwa sababu kadi iliyozibwa kwetu imekwisha. Sisemi plastiki yangu ndiyo iliyomuua. Walishatuambia ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Lakini nimeitazama ile mistari saba tangu saa nane mchana mpaka sasa.

Juu ya kadi pameandikwa jina la ugonjwa. Nyumbani kwetu kwa miaka minne tumesema ni tumbo. Sista aliniletea karatasi ya maelezo ya ile chanjo ya lalamiko namba sita nimtolee nakala mia tatu, na jina hilo hilo liko pale juu kwa herufi kubwa, nikazitoa zote bila kusoma. Mtoa fotokopi hasomi, anatazama tu kama wino umeshika. Leo nimezilaza mbili hizo juu ya kioo cha mashine, kadi ya dada yangu na karatasi ya Sista, ubavu kwa ubavu, nikazisoma kama mtu.

Lile lalamiko namba nne nililolifuta lilisema kwamba katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuugua ugonjwa huo.

Kadi ya Dada Mdogo nimeikata plastiki mwenyewe, kwa wembe wa dukani, pande zote nne. Mwambie Sista asihangaike na mkasi. Fomu imesainiwa, mke wangu alikuwa anashona huku ananitazama, na alipoona nimemaliza alisimamisha cherehani kidogo, kisha akaendelea. Kadi ya kijana nayo iko hapa, mwenye ndevu saba atakuja chumba namba tatu Jumatatu, apende asipende. Maneno UKIZIBA, UMEMALIZA nimeyafuta ubaoni kwa rangi. Mke wangu ameanza kushona mifuko ya plastiki yenye mdomo wazi, ambayo kadi inaingia na kutoka na kuandikwa. Waliozibiwa kwangu waje wakatiwe bure, ninayo orodha yao, ni wengi, nimeanza kuwapigia simu.

Ombi ni moja tu limebaki. Dada Mdogo amesema Ijumaa nije shuleni nimshike mkono, naye ameahidi hataniambia nisitetemeke mbele ya wenzake. Nitakuja. Naomba Sista aniwekee kiti karibu na mlango, kiwe na mgongo na mikono yote miwili. Sakafu ya chumba namba tatu haitelezi, Daktari, na haijawahi kuteleza.